Nahodha Anakaa Nyuma

Mama huyu aliendesha feri, ile kubwa ya abiria na magari inayovuka bandari kutoka upande wa mjini kwenda upande wa viwandani, inarudi, inakwenda tena, kutwa nzima. Watu walimwita Nahodha, na si kazini tu. Hata muuza mkate wa mtaani kwao, hata daktari wake wa meno. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, na akiwa kule juu kwenye chumba cha usukani, kipaza sauti mkononi, hakuna chombo kidogo kilichothubutu kumkatiza njia mara mbili.

Waliomuudhi kuliko wote walikuwa watu wa kayaki. Akimwona mmoja tu amesogea kwenye njia ya meli, sauti yake ilitanda bandari nzima.

"Wewe wa kwenye beseni! Ndiyo, wewe mwenye kofia! Hii njia ya meli, si bafu la kwenu! Toka!"

Abiria walicheka mpaka wakashikana mabega. Msaidizi wake, kijana mpole aliyekuwa akijifunza kazi kwake, alicheka pia, ila kwa adabu, akiangalia pembeni.

Sasa, Nahodha huyo alikuwa na binti mmoja, na binti mwenyewe hakuna alichokipenda duniani kama kuvua samaki kwa kayaki.

Binti aliitwa Dagaa. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Hilo la Dagaa alipewa na mjomba wake alipozaliwa mwembamba wa kulala kiganjani, likamganda. Sasa alikuwa msichana wa sekondari, mrefu kumpita mama yake, mabega yamejaa kwa kupiga kafi. Kayaki yenyewe ilikuwa ya mjomba, fundi majokofu aliyekaa vyumba vya chini vya nyumba hiyohiyo: ya plastiki, ya rangi ya chungwa, yenye viti viwili. Bandarini hapo mtoto hakuruhusiwa kutoka na chombo bila mtu mzima, kwa hiyo kila likizo mtu mzima alikuwa mjomba.

Likizo hiyo mjomba akateguka kifundo cha mguu. Alishuka ngazi ya paa la mteja akidhani amefika chini, kumbe bado. Na wakati huohuo kolekole walikuwa wameingia bandarini, wakubwa, wakifuata vidagaa kwenye nguzo za gati la zamani la nafaka. Dagaa alikuwa ameshamnasa mmoja kabla mjomba hajaumia. Samaki alivuta, mshipi ukakatika kama uzi wa nguo, na tangu siku hiyo msichana alikula, akaoga na kupiga mswaki akiwaza samaki huyo.

"Mama, keshokutwa si uko mapumziko?" aliuliza mezani.

"Niko mapumziko, na nitalala mpaka nichoke kulala."

"Twende tukavue."

Nahodha aliweka kijiko chini. "Mimi? Kwenye beseni?"

"Kayaki, mama."

"Mwanangu, mimi naendesha chombo kinachobeba malori. Malori! Halafu unataka nikakae kwenye kitu ambacho nikipiga chafya kinapinduka?"

Mjomba alikuwa ameuweka mguu wake uliofungwa bandeji juu ya kiti cha pili. Alitafuna taratibu, akameza, akasema, "Mwache mama yako. Anaogopa."

"Nani anaogopa?"

"Si vibaya, dada yangu. Ukiwa kule juu ghorofani, maji unayaona kama zulia. Huku chini ni mambo mengine."

"Nitamwomba yule dada wa duka la dawa," Dagaa akasema, akijifanya anatafuta chumvi. "Naye ni mtu mzima."

"Hutamwomba dada yeyote," Nahodha akasema. Kisha akawatazama wote wawili, akajua amechezewa, na akajua pia kwamba kurudi nyuma ni aibu. "Saa ngapi?"

Ukweli ni kwamba usingizi wenyewe asingeupata. Wiki hiyo alikuwa na jambo lake kichwani. Kampuni moja ya meli za mizigo ilimtaka akawe nahodha wa meli yao, meli hasa, ya kutembea bandari kwa bandari na kukaa safarini wiki kadhaa. Ndiyo kazi aliyoiota tangu akiwa baharia wa kufunga kamba. Walitaka jibu kabla ya wiki kwisha. Nyumbani hakuwa amemwambia mtu.

Asubuhi ya siku hiyo ya mapumziko, mjomba alijikongoja na mkongojo wake hadi kwenye mteremko wa kushushia mashua, akakaa juu ya ndoo kusimamia. Bahari ilikuwa shwari, na kreni za bandari zilikuwa zimeshaanza kulia.

"Nahodha anakaa wapi?" mama akauliza, akijifunga jaketi okozi.

"Nyuma," Dagaa akasema. "Wa nyuma ndiye anayeongoza."

"Basi mimi nyuma."

"Mama, leo nahodha ni mimi. Wewe kaa mbele."

Nahodha alifungua mdomo. Akamwangalia ndugu yake, ambaye ghafla alikuwa akichunguza kucha zake. Akaufunga mdomo, akaingia mbele. Aliketi kwa kishindo, kama anavyoketi kwenye kiti chake cha ngozi kazini, na kayaki ikayumba kulia, ikayumba kushoto, maji yakamwingia mapajani. Hakupiga kelele. Ila mjomba aliapa baadaye kwamba alimwona akishika kingo za kayaki kwa mikono yote kama mtu aliyepanda farasi wa mwenzie.

Mwanzoni hawakuelewana hata kidogo. Nahodha alipiga kafi kwa nguvu zake zote na kwa wakati wake mwenyewe, na Dagaa naye kwa wakati wake, hivyo makafi yakagongana juu ya vichwa vyao.

"Polepole kushoto!" mama akaamrisha.

"Mama, usitoe amri. Fuata mdundo."

"Mdundo upi? Sikuoni!"

"Basi nitahesabu. Moja, mbili. Moja, mbili. Usipigane na maji, hayajakukosea."

Nahodha akacheka bila kupenda. Baada ya muda mkono ulikubali, mabega yakalegea, na kayaki ikaanza kuteleza. Walipita kando ya meli iliyotia nanga, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote bandarini akalitazama tumbo la meli kutoka chini, ukuta wa chuma uliopanda mpaka shingo ikamuuma, kutu imechora ramani, maji machafu ya injini yakitiririka kutoka kwenye tundu moja kwa sauti ya mtu anayejisaidia. Walipita chini ya gati, baina ya nguzo zilizovaa kome toka chini hadi maji yanapofika yakijaa. Kulikuwa na ubaridi na harufu ya dizeli na mwani. Juu yao watu walitembea na kuzungumza, na kila neno lilisikika. Mwanamume mmoja alikuwa akimdanganya mkewe kwenye simu kwamba yuko kazini.

"Kumbe huku chini mnasikia yote," Nahodha akanong'ona.

"Kila kitu," Dagaa akasema. "Na wewe tunakusikia. Hasa wewe."

Mama akageuza shingo. "Yule mwenye kofia, wa mwezi uliopita. Unamfahamu?"

"Ni mwalimu wangu wa hesabu."

Nahodha alicheka mpaka kafi likamponyoka, na Dagaa akalidaka likipita.

Kwenye nguzo ya mwisho ya gati la nafaka walifunga kamba. Kwanza Dagaa alimpa mama yake mshipi mwembamba wenye ndoana ndogo, akamwonyesha namna ya kuuchezesha, wapate chambo hai. Nahodha alivuta kidagaa chake cha kwanza, akakishika kinavyofurukuta na kung'aa kiganjani, akasahau kabisa kwamba yeye ni mtu wa malori. "Nimekipata! Umeona? Nimekipata!" Alipata kingine, kisha kingine, akaanza kumsema binti yake kwa uvivu. Dagaa akamwacha ajisifu. Akatia kidagaa kimoja kwenye ndoana kubwa, akakishusha kandokando ya nguzo, akampa mama yake fimbo nene ya kuvulia yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi.

"Akivuta usishindane naye. Kigurudumu kina breki, kitatoa mshipi chenyewe. Wewe shikilia tu, mimi nitaongoza kayaki."

Wakasubiri. Mama alitazama mbele, binti alitazama mgongo wa mama. Labda ndiyo maana maneno yalitoka kirahisi.

"Mama, utawajibu nini watu wa meli?"

Mgongo ukakakamaa. "Nani kakwambia?"

"Msaidizi wako. Hakukusudia, ulimi ulimteleza. Alidhani najua."

"Nitamtia adabu huyo."

"Usimtie adabu. Nijibu."

Nahodha alitazama mshipi unavyoingia majini. "Nilitaka kuwaambia hapana. Wewe bado unasoma. Nani atakaa na wewe?"

"Mjomba yuko vyumba vya chini nyumbani. Amekuwa hapo tangu nizaliwe."

"Mjomba wako hawezi kushuka hata ngazi."

"Mama." Sauti ya Dagaa haikupanda. "Ukitaka kukataa, kataa. Ila usikatae kisha ukasema ni kwa ajili yangu. Mimi nitakosa raha kila nikiona meli inatoka."

Nahodha alihamishia fimbo mkono wa pili. Alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi ili aseme kitu, fimbo ikainama mpaka ncha ikagusa maji.

Kigurudumu kilipiga ukelele. "Shikilia!" Dagaa akafyatua kamba ya nguzo kwa mkono mmoja, kayaki ikageuka, na wakaanza kuvutwa. Samaki hakwenda kwenye nguzo alikoweza kuukata mshipi. Alikwenda nje, maji mapana, na wao nyuma yake kama gari bovu linaloburutwa na lori. Nahodha alikuwa ameegemea nyuma, miguu imekaza, meno yote nje.

"Ana nguvu kama injini!" akapiga kelele. "Nimemkamata!"

"Bado hujamkamata, mmekamatana tu. Usikaze!"

Hawakutambua wamefika wapi mpaka boya jekundu, kubwa kama kibanda, likapita upande wao wa kushoto. Walikuwa ndani ya njia ya meli. Na kutoka gati la mjini feri ilikuwa imeshafungua kamba na inageuza pua kuwaelekea.

Nahodha aliiona, akatabasamu. "Usijali. Yule msaidizi namfahamu, nimemfundisha mwenyewe. Akifika boyani atapunguza mwendo. Tuna nafasi ya kumvuta huyu samaki."

"Hatuna."

"Mwanangu, ile ni feri yangu."

"Na huyu ni samaki wangu, na kayaki hii naiongoza mimi," Dagaa akasema, na alisema bila hasira, kama mtu anayesoma saa ukutani. "Wewe unamjua msaidizi, samaki humjui. Akikata kulia ataingia chini ya feri, atatuvuta na sisi. Legeza breki yote. Mpe mshipi aende nao. Asipovutwa atasimama. Mimi narudisha kayaki boyani."

Nahodha aligeuka nusu akamwona binti yake. Uso ulikuwa mtulivu, na kisu kidogo cha kukatia mshipi kilikuwa tayari kimechomolewa, kimebanwa kati ya meno. Alikuwa amewafundisha mabaharia wengi, na uso wa namna ile aliutambua. Hukai kubishana nao.

Akalegeza breki. Mshipi ukawa unatoka bila kuvutwa, na Dagaa akapiga kafi kurudi nyuma, mapigo marefu, bila papara, kayaki ikaenda kinyumenyume kuelekea boya. Sasa feri ilikuwa imekua. Mshipi ulikuwa umenyooka juu juu ya maji, umekatiza njia yote.

"Rafadha za injini ya feri zitaukata," Dagaa akasema kwa shida, kisu mdomoni.

Hapo ilikuwa zamu ya mama. Kina cha bandari alikijua, na tumbo la feri linavyokaa majini alilijua kuliko urefu wake mwenyewe. "Hazitaukata," akasema. Akalala kifudifudi upande wa mbele wa kayaki, akaichovya fimbo majini, ncha chini, mkono ukafuata mpaka begani, shavu likalala juu ya maji. Mshipi ukazama, ukapotea. "Feri inapita juu, sisi tunapita chini. Endelea kurudi nyuma, nahodha."

Walivuka boya, Dagaa akashikilia pete ya chuma ya boya kwa mkono mmoja. Feri ikapiga honi, na kipaza sauti kikakohoa.

"Wewe wa kwenye beseni!" sauti ya msaidizi ilitanda bandari nzima, nene kwa makusudi, imeigwa vizuri sana. "Ndiyo, wewe uliyelala! Hii njia ya meli, si bafu la..."

Sauti ikakatika. Feri ilikuwa imekaribia kiasi kwamba kijana kule juu aliweza kuona vizuri ni nani aliyelala kifudifudi mle ndani, nywele zinadondoka maji. Abiria walijaa upande mmoja, wanapunga mikono.

"Samahani, Mkuu," kipaza sauti kikasema kwa sauti ndogo. "Sikujua. Habari za asubuhi, Mkuu."

Nahodha hakuweza kupunga mkono, mikono ilikuwa chini ya maji. Alicheka mpaka akameza bahari. Mawimbi ya feri yakawafikia, yakawapandisha na kuwashusha, Dagaa ameng'ang'ania boya, na kelele za injini zikapita juu yao na kwenda zake.

"Haya, inyanyue," Dagaa akasema. "Kunja taratibu."

Nahodha aliketi, akakunja. Mshipi ulirudi mtupu, mwepesi, unarudi tu. Akakunja. Akakunja zaidi, na Dagaa alikuwa anarudisha kisu kwenye ala yake, fimbo ilipoinama tena, taratibu safari hii, kama mtu anayeitikia baada ya kuitwa mara kadhaa.

"Yupo!"

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu lakini haikuwa na hofu. Samaki alivuta, Nahodha akatoa. Samaki alichoka, Nahodha akakunja. Dagaa alihesabu kwa sauti, akageuza kayaki kila samaki alipogeuka, ili mama awe naye uso kwa uso. Kolekole alipotokea juu ya maji ubavu wake uliwaka kama sinia, na wote wawili wakasema neno lilelile ambalo Nahodha alikuwa amemkataza binti yake kulisema. Dagaa alimtia wavu kichwa kwanza. Mkia ulibaki nje ya wavu. Wakamvutia ndani kwa pamoja, akawapiga wote kwa mkia, akatulia kati ya viti viwili.

Walikaa hivyo, wanahema. Vidole vya Nahodha vilikataa kufunguka, ikabidi Dagaa avibandue kimoja kimoja kutoka kwenye fimbo.

"Ulijuaje atasimama akiachiwa?" mama akauliza.

"Alinikatia mshipi mara ya kwanza kwa sababu nilishindana naye. Nikakaa nikafikiri."

Nahodha akaitikia kwa kichwa. Alitazama mlango wa bandari, mahali maji yanapobadilika rangi. "Nikienda, kuna mambo matatu. Kayaki haitoki bila mjomba. Shule haichezewi. Na simu yangu inapokelewa."

"Na mimi nina langu. Usinipigie kila siku kuniuliza nimekula nini."

"Kila baada ya siku mbili."

"Mama!"

"Haya. Nitauliza mara moja moja."

Mjomba alipowaona wanakuja alisimama akasahau mkongojo, mguu ukamkumbusha, akakaa tena juu ya ndoo kwa nguvu. "Nani kamvua?" alipiga kelele kabla hawajagusa nchi kavu. Mama akamnyooshea kidole binti, binti akamnyooshea kidole mama. Wapitanjia walikusanyika, mmoja akataka kupiga picha na samaki. Nahodha akamwambia apange foleni.

Nyumbani, Dagaa alitandaza magazeti uani karibu na bomba, akaanza kuparua magamba, mjomba akinoa kisu na kutoa ushauri ambao haukuombwa. Nahodha aliingia jikoni kunywa maji. Mabega yalimuuma vizuri. Nguo zilikuwa zimekauka chumvi, gamba moja limenata kwenye kiwiko. Akasimama karibu na dirisha, akaichukua simu juu ya meza na kuipigia kampuni ya meli, akiishika kwa vidole viwili ili asiitie shombo.

"Haloo. Ndiyo, ni mimi. Nimewapigia kuhusu ile meli." Akasikiliza. Uani Dagaa alikuwa anacheka, anamwambia mjomba asogee, kwamba anamzibia mwanga. "Hapana, sihitaji siku nyingine za kufikiri. Nakubali. Niambieni niripoti lini, na mnitumie michoro ya meli, nataka kuijua kabla sijaipanda." Akasikiliza tena. "Nyumbani? Nyumbani kuna mtu. Asanteni."

Akakata simu, akapandisha mikono ya shati, akatoka uani kushika mkia wa samaki.